Miji dada: nani atakuja kwenye msiba wetu? Ushuhuda kutoka Kilolo, na swali kwa wenzangu wa Nyanda za Juu Kusini

Mwalimu Mstaafu (Kilolo)

Kamwene wanajukwaa. Nawasalimu wenzangu wa Iringa, Njombe, Mbeya, Songwe na Ruvuma, na wengine wote mtakaopita hapa.

Wiki iliyopita mwenzetu mmoja aliuliza humu kama mji wetu una sababu yoyote ya kutafuta mji dada nje ya nchi, yaani mji wa kufunga nao undugu kwa makubaliano. Nilisoma majibu yote hadi la mwisho. Wengi walitaja madawati, vitanda vya hospitali, magari ya wagonjwa na mitambo ya kuzolea taka, na wachache wakataja safari za viongozi. Sina ugomvi na vitanda wala madawati, maana nimefundisha miaka 34 na ninajua hali ya mtoto anayekaa sakafuni mwezi wa sita katika baridi yetu. Kilichonisikitisha ni kwamba katika majibu yote hayo hapakuwa na mtu. Hakuna aliyeuliza ni nani hasa atakayekuwa dada wa nani, na huyo dada akifiwa tutajuaje.

Naomba nianze mbali kidogo. Usiku wa tarehe 14 Novemba 1940 ndege za Ujerumani ziliuchoma mji wa Coventry nchini Uingereza, na kanisa lake kuu likabaki kuta tupu. Miaka miwili baadaye mji wa Stalingrad, ambao leo unaitwa Volgograd, ukageuka uwanja wa mapigano yaliyoua watu wengi mno. Watu wa Coventry walizisikia habari hizo wakiwa bado wanaishi katikati ya magofu yao wenyewe. Wanawake zaidi ya 800 wa mji ule walitia majina yao kwenye kitambaa cha meza, yakadariziwa, kila mmoja akachanga peni sita, na kitambaa kikapelekwa Stalingrad pamoja na mchango huo. Mwaka 1944 miji hiyo miwili ilifunga undugu, na undugu huo hutajwa mara nyingi kuwa chanzo cha miji dada kwa maana tunayoijua leo.

Coventry haikuishia kwa rafiki aliyepigana upande wake. Mwaka 1959 ilifunga undugu na Dresden, mji wa Kijerumani ambao nao uliteketezwa na ndege za Uingereza na Marekani mwezi Februari 1945. Kabla ya hapo, mwaka 1950, miaka mitano tu tangu bunduki ziliponyamaza, Montbéliard ya Ufaransa na Ludwigsburg ya Ujerumani zilikuwa zimekwisha kupeana mikono. Serikali za nchi hizo mbili zilitia saini mkataba wao mkubwa wa urafiki mwaka 1963. Kwa maneno mengine, miji ilizitangulia serikali kwa miaka 13, na leo jozi za miji rafiki kati ya Ufaransa na Ujerumani zimevuka 2,000. Kule Marekani, Rais Eisenhower, ambaye alikuwa jenerali katika vita hivyo hivyo, aliitisha mkutano mwaka 1956 kuhimiza mahusiano ya mwananchi kwa mwananchi, na mtandao wa miji dada wa Marekani ulianzia hapo.

Ninapowasimulia vijana habari hizi, huwa wanashangaa kwamba watu waliochomeana miji wanaweza kulala nyumba moja. Sisi wa Iringa hatuna sababu ya kushangaa. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali kati ya miaka ya 1878 na 1882, asipatikane aliyemmaliza mwenzake, na kilichozaliwa humo ni utani. Mtani wangu wa Songea ana ruhusa ya kuniita mla mbwa mbele ya wakwe zangu nami nisinune. Lakini siku nitakapokufa ana wajibu: atakuja, atavaa gauni langu na miwani yangu, ataigiza nilivyokuwa nikifoka darasani, atazuia jeneza lisitoke uani mpaka apewe chochote, na katikati ya vicheko hivyo ndiye atakayeshika jembe kaburini. Hakuna halmashauri iliyotia saini jambo hilo, wala hakuna aliyelifuta kwa miaka yote hii.

Sasa nije kwenye yale niliyoyaona kwa macho yangu. Shule niliyofundisha ilipata urafiki na mji mdogo wa Ulaya ya kaskazini. Sitautaja mji huo wala shule, kwa sababu si yote nitakayoyaeleza ni ya kusifiwa.

Wageni walipokuja mara ya kwanza ulikuwa mwezi wa saba. Walikuwa wameambiwa kwamba Afrika ni joto, wakaja na mashati ya mikono mifupi, na asubuhi ya kwanza tuliwapokea wakiwa wamejitanda mablanketi ya hoteli mabegani. Walilala mjini Iringa, wakaletwa shuleni saa tatu, watoto wakaimba, risala ikasomwa, zawadi zikakabidhiwa, picha zikapigwa, wakarudishwa mjini kabla jua halijazama. Ratiba hiyo ilifuatwa kwa siku nne. Walipoondoka, hapakuwa na mzazi hata mmoja pale kijijini aliyejua jina la mgeni, na sisi walimu tulikuwa tukiwajua kwa vyeo vyao tu: mwenyekiti, mhasibu, mpiga picha.

Mara ya pili walikuja mwezi wa tatu, mvua zikiwa zimekolea. Jioni ya siku ya pili gari lao liliteleza na kuzama kwenye tope hadi milangoni. Vijana walisukuma mpaka giza likaingia, ndipo mwalimu mkuu akaamua wageni wagawanywe kwenye nyumba za watu. Mmoja wao, mama mtu mzima aliyekuwa amestaafu kazi ya maktaba, alipelekwa kwa jirani yangu, ambaye ni mjane. Jirani yangu hakuwa na kitanda cha ziada. Alimwachia mgeni kitanda chake, yeye akalala chini na binti yake.

Nilikwenda kuwatazama saa mbili usiku, nikiwa na wasiwasi kwamba nitawakuta wamekaa kimya kama watu walioko kituo cha basi. Niliwakuta jikoni, wote wawili juu ya vigoda, macho yakiwatoka machozi kwa moshi wa kuni mbichi. Mgeni alikuwa akimenya viazi, na maganda yake yalikuwa manene kiasi kwamba jirani yangu aliyaokota na kuyamenya tena. Hawakuwa na lugha moja. Walipomaliza kula, mgeni aliona kwenye kiti kitambaa cha kochi ambacho jirani yangu alikuwa hajakimaliza kudarizi. Alikichukua, na badala ya kulitazama ua, alikigeuza upande wa nyuma kukagua mafundo. Jirani yangu alipiga kofi la furaha, akaniambia, “Huyu anajua kazi, mwalimu. Asiyejua hutazama mbele.” Walikaa na kitambaa kile mpaka koroboi ikaisha mafuta.

Kwa imani yangu, urafiki wa mji ule na kijiji chetu ulizaliwa usiku ule, wala si siku risala iliposomwa. Tangu hapo mama yule alikuja mara tano zaidi, na hakulala tena hotelini.

Swali langu kwenu ni hili: iwapo mji wetu utapata mji dada, tudai nini hasa kiwemo kwenye makubaliano, ili yasiwe ya ofisi kwa ofisi?

Kijana wa Soweto, Mbeya

Shikamoo mwalimu. Nimesoma kwa makini na nimeguswa, hasa na habari ya maganda ya viazi. Hata hivyo naomba uniruhusu nipingane nawe kwa heshima zote.

Simulizi yako ni nzuri kwa sababu mvua ilinyesha. Bila tope, wageni wangeendelea kulala hotelini na leo usingekuwa na cha kutuandikia. Mji hauwezi kupanga tope. Kinachoweza kupangwa ni vitu vinavyohesabika, na ndiyo maana watu wanataja magari ya wagonjwa. Dar es Salaam ina undugu na Hamburg tangu mwaka 2010, na kutokana na ushirikiano huo kuna kiwanda cha mboji pale Mabwepande, ambako taka za masokoni zinageuzwa mbolea. Muuza nyanya ambaye taka zake zimeondolewa sokoni amepata faida hata kama hamjui Mjerumani hata mmoja. Je, tumnyime faida hiyo kwa sababu hakuna aliyemenya naye viazi?

Jambo la pili ni gumu zaidi kulisema. Wanaokuja ni wao. Katika maelezo yako wameshakuja mara saba, na sijasoma mahali popote kwamba ninyi mlikwenda. Undugu ambao upande mmoja ni mgeni siku zote na upande mwingine ni mwenyeji siku zote, mimi nauona kuwa ni utalii wenye adabu.

Mfanyabiashara wa Tunduma

Naunga mkono hoja ya pili ya kijana, ila nina la kuongeza ambalo ninyi wa Iringa mnalisahau kwa kuwa mko mbali na mpaka. Kila mnapotaja mji dada mnatazama Ulaya. Mimi ninaishi Tunduma. Nikitoka dukani kwangu na kuvuka barabara nipo Nakonde, nchini Zambia. Wanyamwanga wako pande zote mbili. Mpaka uliwakuta hapo hapo. Dada wa mke wangu ameolewa ng'ambo, na watoto wake wanakuja kwetu likizo wakiwa na Kiswahili kilichochanganyika na Kibemba, na sisi tunawacheka, nao wanatucheka.

Nenda Kyela uone hali kama hiyo. Mnyakyusa wa Kyela akivuka Kasumulu kwenda Karonga, Malawi, anawakuta Wangonde, na mazungumzo hayahitaji mkalimani. Watu hao wanazikana. Ukifiwa Kyela, mwili haujashuka kwenye gari, jamaa wa Karonga wamekwisha fika na mchele.

Hoja yangu ni kwamba undugu huu wa kweli ndio usio na karatasi yoyote inayoulinda. Siku serikali zikitofautiana kuhusu mahindi au mazao mengine, mpaka unabana, malori yanapanga foleni, na wanaoumia wa kwanza ni mama mwenye ndoo tatu za nyanya na shangazi anayekwenda kumwona mgonjwa. Kama mabaraza ya Tunduma na Nakonde yangekuwa na makubaliano ya miji dada, wangekuwa na meza ya kukaa na kuyazungumza hayo kabla hayajapanda juu. Kwa hiyo, mwalimu, wewe unalalamika kwamba kuna karatasi bila watu. Huku kwetu tuna watu bila karatasi.

Mjukuu wa Kalenga

Kamwene mwalimu. Nitauliza swali ambalo wengi wanalikwepa. Umetaja Coventry na Dresden, watu waliochomeana miji na kisha wakapatana. Hao walikuwa na nguvu zinazokaribiana. Sisi na Wajerumani hatukuwa hivyo.

Tarehe 17 Agosti 1891 babu zetu waliwashinda pale Lugalo, na kamanda wao Zelewski akafia hapo. Mwaka 1894 walirudi na mizinga wakaivunja ngome ya Kalenga. Mtwa Mkwawa, mtawala wetu Wahehe, alijiua mwezi Julai 1898 ili asikamatwe, na kichwa chake kikachukuliwa. Suala la fuvu hilo liliandikwa hadi kwenye Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, na bado lilichukua miaka 35 mingine hadi Gavana Twining wa Uingereza alipolirudisha kutoka Bremen mwezi Juni 1954. Leo lipo kwenye makumbusho yetu Kalenga, na nimekua nikiliona. Mji wa Kijerumani ukija kesho kutaka undugu na Iringa, tuanze kwa kuimba nyimbo?

Mwalimu Mstaafu (Kilolo)

Nashukuru kwa hoja nzito. Nitazijibu kwa kadiri ninavyoweza, na pale mliponishinda nitakubali.

Mwanangu wa Kalenga, jibu langu ni hapana, tusianze kwa kuimba. Tuanzie Kalenga. Mgeni yeyote kutoka Ujerumani anayetaka kuwa ndugu wa Iringa apelekwe kwanza kwenye makumbusho yale, asimame mbele ya fuvu, na aelezwe na mtoto wa Kihehe, kwa Kiswahili, jambo lililotokea. Nakumbuka tarehe 1 Novemba 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani alipofika Songea, kwenye makumbusho ya Maji Maji, akaomba msamaha kwa yaliyofanywa na Wajerumani. Kuna waliosema ni maneno matupu, na kuna waliolia. Mimi nilifikiri kwamba rais amefanya sehemu yake, lakini rais hukaa saa chache. Mwalimu wa historia wa mji mdogo wa Ujerumani, akikaa wiki tatu katika nyumba ya mwalimu wa historia wa Songea au Iringa na kurudi na habari hiyo kwa wanafunzi wake, atafanya jambo ambalo rais hawezi kulifanya. Utani wetu na Wangoni nao haukuficha vita. Vita vile vinatajwa katika kila msiba, kwa sauti kubwa, na ndiyo maana havitupigi tena.

Ndugu wa Tunduma, kwako sina la kupinga. Umenifumbua macho. Nilipofikiria mji dada nilitazama uwanja wa ndege, na wewe umenielekeza ng'ambo ya barabara. Naomba hoja yako isipotee katika uzi huu. Wenye nafasi katika mabaraza ya madiwani ya Songwe na Mbeya, kama mnasoma, ichukueni.

Kijana wa Mbeya, nakuja kwako. Kuhusu mboji, una haki. Muuza nyanya apate soko safi, na amshukuru yeyote aliyesaidia. Lakini tazama Mwanza, ambayo ilifunga undugu na Würzburg tangu mwaka 1966, na baadaye Tampere ya Finland. Zaidi ya nusu karne imepita, mameya wangapi wamekuja na kuondoka pande zote? Uhusiano uliovuka vizazi vya viongozi namna hiyo hauwezi kuwa umebebwa na viongozi peke yao. Mtambo huchakaa, na anayeulizia kipuri chake miaka kumi baadaye ni yule aliyewahi kula nyumbani kwako.

Kuhusu hoja yako ya pili, umegusa donda. Sisi tulikwenda mara moja. Mwalimu mwenzangu na mimi tulialikwa na wale marafiki, barua ya mwaliko ikiwa na muhuri wa meya wao, tiketi zimelipwa, na majina ya familia zitakazotulaza yameandikwa. Tulisafiri kwa basi hadi Dar es Salaam, tukatoa alama za vidole, tukarudi kusubiri. Ubalozi ulitukatalia. Karatasi ilisema kwamba hatukuthibitisha nia ya kurudi nyumbani. Nilikuwa na umri wa miaka 57, nyumba, shamba la ekari nne, darasa la saba linalosubiri mtihani na wajukuu watatu ninaowalea. Nililia, nasema kweli, si kwa kukosa safari, bali kwa sababu nilikuwa nimeahidi kumpelekea yule mama ulezi wa kupikia uji. Mwaka uliofuata tuliomba tena. Mwenzangu alikataliwa, nami nikapewa siku 14.

Kwa hiyo nakubali kwamba undugu wetu uliinama upande mmoja, na nakubali pia kwamba hilo ni kosa linalopaswa kuandikwa kwenye makubaliano yoyote: mji unaotaka kuwa dada yetu ubebe jukumu la kutusemea mbele ya serikali yake kuhusu visa, na kama wao wamekuja kumi, sisi twende kumi. Wasipoweza hilo, waseme mapema.

Mshirika wa Iringa Mjini

Amani kwenu. Naomba niongeze mfano ulio karibu, kwa kuwa naona hakuna aliyeutaja. Dayosisi ya Iringa ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) ina ushirika wa zaidi ya miaka 30 na Walutheri wa eneo la Saint Paul, jimbo la Minnesota, Marekani. Jina la ushirika huo ni Bega kwa Bega, na nguvu yake, kwa jinsi ninavyoiona, ipo katika mpango wake mmoja: usharika wa huku unaunganishwa na usharika wa kule, mmoja kwa mmoja. Kwa hiyo mtu wa kijijini haombei “Marekani”. Anaombea usharika fulani, anaujua kwa jina, na wao wanalijua jina la kijiji chake. Mji mkubwa ukiungana na mji mkubwa, mtu hupotea katikati. Ningependekeza mji dada ugawanywe hivyo hivyo: kata kwa kata, soko kwa soko, shule kwa shule.

Mstaafu wa Reli, Makambako

Mimi si mwandishi sana, nitasema machache. Nilikuwa kijana wakati reli ya Tazara inajengwa, kati ya mwaka 1970 na 1975. Kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Kipande cha Mlimba kupanda hadi huku Makambako kilikuwa kigumu kuliko vyote, milima na mabonde na mvua. Tulifanya kazi na Wachina bega kwa bega na tulikula muda mmoja nao, ingawa kila mtu chakula chake. Aliyenifundisha kufunga mataruma alikuwa na maneno kama ishirini tu ya Kiswahili na yote yalikuwa ya kazi, isipokuwa moja, “pole”. Alikuwa akilisema hata kama ni yeye aliyejigonga.

Wengine wao walifia hapa. Makaburi yao yapo Gongo la Mboto, Dar es Salaam, na Wachina huenda kuyasafisha na kuweka maua. Nimewahi kwenda. Mwalimu ameuliza nani atakuja kwenye msiba. Mimi nauliza pia, sisi tuliofanya nao kazi, ni wangapi tumekwenda kwenye makaburi yale? Mtu akifia kazini kwako ni wa kwako.

Kijana wa Soweto, Mbeya

Mzee wangu wa Makambako, shikamoo. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili.

Mwalimu, umenijibu kwa ukweli na ninakuheshimu kwa hilo. Nabaki na swali moja tu, lile la kichwa cha uzi wako. Uliuliza nani atakuja kwenye msiba wetu, lakini hujasimulia msiba wowote. Je, msiba huo ulikuwepo?

Mwalimu Mstaafu (Kilolo)

Msiba ulikuwepo, mwanangu, na nilisita kuusimulia kwa sababu si wa zamani.

Ujumbe uliingia kwenye simu yangu asubuhi ya Jumamosi, umeandikwa na binti yake yule mama wa maktaba. Mama yake alikuwa amefariki usiku, kitandani kwake, baada ya kuugua kwa wiki chache. Nilikwenda kwa jirani yangu kwa miguu. Nilimkuta anachambua maharage. Nilipomwambia, aliuweka ungo chini polepole, akaingia ndani, akatoka na mkeka, akautandika uani, akakaa. Hakuniuliza tufanye nini. Kufikia saa nne kina mama walikuwa wamejaa, khanga zimefungwa kiunoni, na mchana wanaume wakakoka moto nje ya uzio kama inavyofanyika kwa mtu yeyote wa kijiji.

Tulikaa siku tatu, bila mwili na bila kaburi. Daftari la rambirambi lilifunguliwa na mtendaji mwenyewe akakubali kuandika: shilingi elfu moja, elfu mbili, debe la mahindi, kuku mmoja, mzigo wa kuni. Siku ya pili alikuja fundi mwashi mmoja, Mngoni, anayeishi kijiji cha pili. Alisema kwamba marehemu alilala kwenye nyumba ya Mhehe, alikula kwenye chungu cha Mhehe, kwa hiyo alikuwa Mhehe, na yeye kama mtani wake hawezi kukaa nyumbani. Akaomba kofia ya sufu ambayo marehemu alimwachia jirani yangu, akaivaa hadi kwenye nyusi, akachukua mwiko kwa mikono miwili na kuanza kusonga ugali usiokuwepo, huku akipiga chafya kwa moshi, kama marehemu alivyokuwa. Watu walicheka mpaka wakalia upya.

Wakati huo huo nilikuwa nimempigia binti yake simu ya video, nikaielekeza uani ili aone. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza ni nani yule aliyevaa kofia ya mama yake. Nilimweleza habari ya utani, kwa Kiingereza changu cha darasani, nikihofu kwamba atakasirika. Alisema, “Ndivyo alivyokuwa anapiga chafya.” Akaomba nisikate simu. Sikukata mpaka salio lilipoisha, na kijana mmoja akaniongezea bila kuambiwa.

Fedha za rambirambi zilizidi matumizi ya chakula. Kina mama waliamua zinunue kitambaa cheupe cha meza na nyuzi, na kila aliyekaa msiba ule atiwe jina lake. Hawakuwahi kusikia habari ya Coventry. Mimi mwenyewe niliisoma baadaye, na ndiyo maana nimeanza nayo. Majina yalikuwa 46. Jirani yangu alidarizi la marehemu katikati, na yale mafundo ya nyuma aliyafungua na kuyafunga upya mara tatu, akisema kwamba katika nyumba ile watu hutazama nyuma kwanza. Nilikituma kwa posta kutoka Iringa mjini, na kilifika baada ya wiki tano.

Binti yake anakuja mwezi wa saba mwaka huu, kwa mara ya kwanza. Jirani yangu ameshanunua godoro, na ameniagiza nimwandikie kwamba huku ni baridi, alete sweta.